Umisheni Unaorudi: Mwongozo Kamili wa Kumfikia Jirani wa Karibu na wa Mbali, kwa Vikundi vya Kanisa Kisumu

Katika Luka 10 yule Msamaria anafanya kazi nyingi kwa muda mfupi. Anamkaribia aliyepigwa, anafunga majeraha kwa mafuta na divai aliyokuwa nayo safarini, anampandisha juu ya mnyama wake, na kumpeleka nyumba ya wageni akamuuguze. Kesho yake anatoa dinari mbili, ujira wa kibarua wa siku mbili, anamkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba na kusema kwamba gharama ikizidi atailipa atakaporudi. Mahubiri mengi tunayosikia huishia kwenye mafuta na divai. Mimi naona uzito uko kwenye kule kurudi, na mwongozo huu wote umejengwa hapo: kikundi kisipange jambo lolote ambalo hakiwezi kulirudia.

Nimewaandikia waumini wa kawaida, watu wa ushirika wa nyumbani, jumuiya ndogo ndogo, kwaya, au vijana wa kanisa walio Nyalenda, Manyatta, Obunga, Migosi na mitaa kama hiyo. Aliye Kaptembwa kule Nakuru, au Kakamega mjini, atabadilisha majina ya mahali tu.

Hatua ya 1: Kusanyeni watu wachache

Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Mkizidi hapo mtaanza kuwa kamati, na kamati hupenda vikao kuliko barabara. Tafuteni mchanganyiko wa watu: mwendesha bodaboda anayejua vichochoro, mama anayeuza sokoni Kibuye au Jubilee, muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii, kijana mwenye mwandiko unaosomeka, na mzee mmoja ambaye watu humwamkia kwa heshima. Angalieni lugha pia. Manyatta utasikia Dholuo kwanza, lakini ploti hiyohiyo ina Waluhya na Wakisii, na ukienda Kibos utakutana na Wanubi. Asiyeweza kumsalimia nyanya kwa lugha yake aandamane na anayeweza.

Mwelezeni mchungaji au padri kabla ya kutoka. Baada ya mambo ya Shakahola mwaka 2023, ambako mamia ya waumini walikufa kwa kufunga chakula, mwenye nyumba ana haki ya kuwauliza ninyi ni wa kanisa gani na nani anawajua. Jibu liwe tayari, fupi, na mtu wa kupigiwa simu awepo. Pitieni pia kwa mzee wa mtaa na balozi wa nyumba kumi. Hamwendi kuomba ruhusa ya kumpenda jirani, ila nyumba za watu zina walinzi wake.

Hatua ya 2: Tembeeni mtaa mikono mitupu

Mwezi wenu wa kwanza msibebe kitu, si unga, si sabuni, si vijitabu vya injili. Mkibeba unga, kila mtu atawaeleza njaa. Mkibeba dawa, kila mtu ataumwa. Hiyo si hila ya watu maskini, ni adabu ya kumjibu mgeni kulingana na alichokuja nacho.

Chagueni eneo dogo, tuseme ploti zinazozunguka kanisa hadi barabara ya lami. Choreni ramani kwa mkono: bomba la maji liko wapi, mtungi unauzwa bei gani, zahanati iliyo karibu, shule, mashine ya kusagia, choo kinachotumiwa na ploti nzima, mahali maji ya mto Auji yanapoingia mvua ya Machi hadi Mei ikichachamaa. Kisha kaeni na mama mboga. Yeye anajua nyumba iliyoacha kununua sukuma wiki ya kumi kumi, anajua aliyehamia juzi na mtoto mgonjwa, anajua nani anakopa na halipi kwa sababu hana. Nunueni kwake mkiwa mnaongea. Muda wake ni biashara.

Kila mmoja awe na daftari, lakini daftari lisigeuke faili la polisi. Andikeni "nyumba ya mlango wa bluu, mzee anaishi peke yake, miguu imevimba." Msiandike hali ya HIV ya mtu, kesi yake, wala deni lake kwa jina. Kaunti za kando ya ziwa hili ni miongoni mwa zenye maambukizi mengi ya HIV nchini, na karatasi iliyoangushwa kwenye matatu inaweza kuvunja nyumba. Tena ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, nayo haikusema kanisa limesamehewa.

Hatua ya 3: Ziara ya kwanza

Hapa ndipo vikundi vingi huharibu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nendeni wawili wawili, kama Marko 6:7 inavyosema; kwetu iwe mwanamke na mwanamume, au wanawake wawili. Wanaume wawili wasiingie nyumba ya mama aliye peke yake. Saa nzuri ni kati ya saa nne na saa sita asubuhi, au saa tisa alasiri. Epukeni saa ya chakula cha jioni: mwenye nyumba ataona aibu kuwapa kidogo alicho nacho, na ataona aibu zaidi kutowapa. Eneo la Nyanza lina Waadventista wengi. Msiwabishie hodi kuanzia Ijumaa jua likitua hadi Jumamosi jua litue, isipokuwa kuna ugonjwa. Kwa jirani Mwislamu wa Kaloleni, kumbukeni mwezi wa Ramadhani na saa za swala.

Mazungumzo yenyewe hayahitaji ufundi:

"Hodi hapa!"

"Karibu. Ni nani?"

"Ni majirani, Mama. Mimi ni Mama Brian wa kanisa lile la karibu na mashine ya unga, na huyu ni Baba Stacy. Tumepita kuwasalimia tu."

"Karibuni, lakini nyumba haijapangwa."

"Nyumba yenye watoto ndivyo ilivyo, Mama. Tukae hapa nje kivulini?"

Kule kukaa nje kunampa nafasi ya kuchagua. Akitaka muingie atawaambia. Mkiketi, mmoja aongee na mwingine asikilize, wala msiandike mbele yake. Ulizeni maswali ambayo mtu anaweza kuyajibu bila kujivua nguo: mlifika hapa lini, watoto wanasoma wapi, mtu akiugua usiku kwenye ploti hii mnamwita nani, maji yalipofurika mvua ile ilikuwaje. Msiulize "una shida gani?" Swali hilo linamfanya mwenye nyumba kuwa mwombaji hata kama hakuomba kitu.

Mkiletewa chai, kunyweni. Kama sukari imekwisha, chai ya rangi bila sukari ni chai. Kukataa chakula cha maskini kwa kisingizio cha kumhurumia ni kumwambia hana cha kutoa.

Maombi yaombewe ruhusa: "Mama, ungependa tuombe, ama tuje siku nyingine?" Akisema siku nyingine, sawa. Akikubali, ombeni kwa ufupi na kwa sauti ya kawaida. Ukuta wa mabati haufichi kitu, na jirani hana haja ya kujua matatizo ya mwenziwe kupitia maombi yenu. Kamwe msimwambie mtu aache ARV, dawa za presha, sukari au kifua kikuu kwa sababu mmemwombea. Yeyote katika kikundi anayefanya hivyo asimamishwe siku hiyohiyo. Sina mjadala juu ya hilo.

Mkiondoka, semeni siku mtakayorudi, kisha mrudi siku hiyo. Kama mmesema Alhamisi, iwe Alhamisi, hata kama mvua inanyesha na hamna jipya la kuleta.

Hatua ya 4: Msaada, na namna ya kuutoa

Baada ya ziara chache mtaanza kuona mambo yanayojirudia. Si kila jambo linahitaji pesa, na mengi yanahitaji mtu wa kufuatana nawe.

Chukua bima ya afya. NHIF iliondoka Oktoba 2024, nafasi yake ikachukuliwa na SHA. Asiye na mshahara hupimwa uwezo kwa maswali kadhaa, halafu hutakiwa kulipa mchango wa mwaka kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Wengi mitaani wamejisajili kwa *147# wakaishia hapo, hawajajibu maswali ya uwezo wala kulipa, na wanadhani wamekingwa mpaka wafike dirisha la hospitali. Kijana mmoja wa kikundi mwenye simu na subira anaweza kukaa na familia moja hadi ikamilishe. Kwa familia isiyoweza mkupuo, wasaidieni kuweka akiba kidogo kidogo kwenye chama, au kikundi kijazie pengo. Kazi hii haina wimbo wala picha nzuri, lakini naiweka juu ya magunia yote ya unga.

Wodini kuna utaratibu wake. Mkienda Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo watu wa Kisumu bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti, fuateni saa za kuwaona wagonjwa. Muulizeni muuguzi kabla ya kumpa mgonjwa chakula. Huenda anasubiri upasuaji. Bebeni sabuni, sapatu, uji kwenye chupa ya chai, na kadi ya simu ili aongee na watoto. Mwangalieni pia wa kitanda cha pembeni ambaye hajatembelewa na mtu.

Karo ya shule lipeni moja kwa moja kwa akaunti ya shule, na risiti ipelekwe kwa mzazi, yeye ampe mtoto. Baba akimpa mtoto wake risiti mkononi, heshima yake nyumbani inabaki. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa asindikizwe pamoja na mzazi hadi Huduma Centre. Bila cheti hicho mambo mengi ya shule hukwama. Chakula nacho kipelekwe jioni katika mfuko wa kawaida wa dukani, kinunuliwe kwa mama mboga wa mtaa huohuo. Mambo ya kupanga watu foleni mbele ya kanisa, bango nyuma yao, mnayaacha. Walawi 19:9-10 iliagiza mwenye shamba asivune hadi pembeni, ili maskini na mgeni waokote wenyewe; pale hakuna aliyepangwa mstari.

Kuna mambo yasiyo ya kikundi. Mtoto anayepigwa au kunajisiwa: pigeni 116, simu ya bure ya watoto, na mfike kwa afisa wa watoto. Mwanamke au mwanamume anayedhulumiwa nyumbani: 1195. Msikae kikao cha kupatanisha kabla mtu hajawa salama, hata kama mtuhumiwa ni mzee wa kanisa. Hasa kama ni mzee wa kanisa.

Na sasa mazishi, kwa maana huku magharibi hatuwezi kuzungumza juu ya upendo bila kufika huko. Mtu akifa, kamati hukaa jioni ileile: ada ya mochari, jeneza, gari la kumpeleka nyumbani, tenti, chakula cha waombolezaji. Pesa hupatikana, na hupatikana haraka. Lakini mtu huyohuyo alipokuwa wodini akihitaji elfu chache za skani, simu zilikuwa hazishikwi. Sisemi tuache kuzika watu vizuri. Nasema kikundi kiwe na kamati ya mgonjwa inayokutana kwa bidii ileile ya kamati ya mazishi, na kiweke desturi ya kumrudia mjane wiki ya tatu, wakati tenti zimerudishwa, ndugu wamepanda magari, na yeye amebaki na sufuria za kuazimwa na deni la jeneza. Wakati huo mtu wa kuosha vyombo na kuchota maji ni wa thamani kuliko mhubiri.

Hatua ya 5: Pesa

Sitakaa sana hapa, kwani penye vyama watu wanajua kuhesabu. Kikundi kikidumu, kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 katika ofisi ya maendeleo ya jamii, ili kiweze kufungua akaunti. Watia saini wawe watatu na wasiwe wa nyumba moja. Hesabu isomwe kwa sauti kila mwezi, pamoja na ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo.

Mfano: wanachama 12 wakitoa shilingi 200 kila mwezi ni 2,400. Wekeni 1,200 kama hazina ya dharura isiyoguswa bila watu watatu kukubaliana, 700 kwa nyumba mnazozifuata, na 500 kwa jirani wa mbali. Ile 500 kwa mwaka ni 6,000. Ni kidogo, na ni yenu. Kikundi kinachongoja mfadhili kutoka ng'ambo ndipo kianze kumpenda jirani wa ploti ya pili kitangoja sana.

Hatua ya 6: Jirani wa mbali

Matendo 1:8 inataja Yerusalemu, Uyahudi wote na Samaria, kisha mwisho wa nchi. Watu wa magharibi mwa Kenya tunapaswa kukumbuka kwamba katika orodha hiyo sisi tulikuwa mwisho wa nchi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka uliofuata Wakweka kutoka Marekani wakafika Kaimosi, wakaanzisha misheni iliyochanganya injili na ufundi, matibabu na shule. Leo Kenya ndiyo nchi yenye Wakweka wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Waanglikana walianzisha Maseno mwaka 1906. Mwaka huohuo Waadventista walifika Gendia, na pamoja na Carscallen kutoka Kanada alikuwepo Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Jina lake hutajwa kwa nadra, nami naona ni hasara, kwa sababu kijana wa Kisumu anayedhani mmishenari lazima awe mzungu hajaambiwa habari yote.

Sasa kwa vitendo. Anzeni na wa mbali aliye karibu. Mlinzi Mturkana anayelala getini, fundi wa nguo Mkongomani, mwanafunzi wa Maseno kutoka Sudan Kusini: hao wamekwisha kufunga safari, ninyi vukeni barabara tu. Waalikeni kula Jumapili. Jifunzeni salamu zao. Wao ndio watakaowaambia kama kwenda kwao kuna maana na mpite kwa nani.

Kisha chagueni mahali pamoja, si patano. Wa Kisumu wanaweza kuanza uwanda wa Kano, Ahero na vijiji vya mto Nyando, au Budalangi ambako Nzoia hufurika. Ni mwendo wa asubuhi, na kila masika kuna haja. Baadaye Turkana, au Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 na ambayo tangu 2016 ina makazi ya Kalobeyei jirani yake. Popote mtakapochagua, tafuteni kwanza kanisa la pale. Kanisa hilo ndilo mwenye nyumba ya wageni wa Luka 10, anayebaki na mgonjwa ninyi mkiwa safarini. Mpigieni simu kiongozi wa kanisa hilo na kumwuliza swali moja: "Mchungaji, ninyi mnafanya nini tayari, na ni wapi mmepungukiwa?" Msimpelekee mpango uliokwisha kuandikwa.

Baada ya mafuriko, nguo kuukuu ndizo hufika kwanza na kwa wingi kupita kiasi. Pesa inayonunua mahindi, vyandarua na dawa ya kutibu maji kwenye soko la karibu husaidia zaidi, na mfanyabiashara wa pale aliyepoteza stoo yake naye anainuka. Peleka nguo pale tu mlipoambiwa ni nguo gani, za umri gani, ngapi.

Mkisafiri, waende watu wanne au watano, si basi zima. Basi la watu hamsini hula chakula cha wenyeji na kuwapa kazi ya kuwatunza wageni. Kwenda Lodwar, njia ni Kitale na Kapenguria. Laleni Kitale, msafiri mchana, beba maji ya kutosha na ulizeni hali ya barabara kabla ya kutoka. Wageni wasihubiri siku ya kwanza. Wasaidie kazi iliyopo, walale mlipopangiwa, wale kilichopo. Picha za watoto msipige bila ruhusa ya mzazi, na mtoto aliye uchi au mgonjwa asipigwe hata kwa ruhusa. Ulizeni: picha hii ingekuwa ya mtoto wangu, ningetaka izunguke kwenye makundi ya simu ya watu wa Kisumu?

Hatua ya 7: Lini kumtaja Yesu

Wapo watakaosoma hadi hapa na kuuliza injili iko wapi. Iko toka hodi ya kwanza; mlisema mnatoka kanisani, hamkuficha. Lakini 1 Petro 3:15 inadhani kuna mtu anayeuliza habari za tumaini letu, na inataka tumjibu kwa upole na kwa hofu. Watu huuliza. Mama aliyeoshewa vyombo na mtu asiye wa ukoo wake atauliza siku moja, "Kwani ninyi mnatafuta nini kwangu?" Hapo semeni wazi, kwa maneno yenu, jinsi Mungu alivyowapenda ninyi kwanza. Hadithi ya mtu mmoja aliyeponywa chuki au ulevi, ikisemwa na yeye mwenyewe bila chumvi, inatosha kwa siku hiyo.

Msaada usifungwe kwenye ibada. Asiwepo wa kuambiwa unga unagawiwa baada ya mahubiri. Familia ikiwa ya Legio Maria, ya Kiislamu au haina dini, iendelee kutembelewa ileile. Mtu akitaka kuamini, mpeni nafasi ya kufikiri, mzungumze na jamaa zake, na mkishauriana mnaweza kugundua kwamba kanisa litakalomfaa ni lile la mama yake kule nyumbani, si lenu.

Hatua ya 8: Kalenda ya kurudi

Tengenezeni karatasi moja ya mwaka na kuibandika ukutani mnapokutania. Kila nyumba iwe na tarehe yake, wagonjwa wa kudumu kila wiki, wajane wapya wiki ya tatu na mwezi wa tatu, familia zenye watoto wa shule kabla ya kila muhula kufunguliwa. Mahali pa mbali pawe na simu kila mwezi hata kama hamna pesa ya kutuma, na safari mara moja kwa mwaka. Wenzenu wa kule nao waalikwe Kisumu, walale majumbani mwenu, wahubiri wao.

Kila Januari pitieni majina moja moja. Nyumba iliyosimama kwa miguu yake iulizwe kama inapenda kujiunga na kikundi. Mara nyingi hukubali, na hao ndio huwa watembeleaji wazuri kwa kuwa wanajua hodi inavyosikika kutoka ndani. Iliyohamia mtaa mwingine ipigiwe simu na kukabidhiwa kanisa la huko. Mratibu akibadilishwa, yule wa zamani amchukue mpya, wapite nyumba kwa nyumba, amtambulishe kwa kila mama na kila mzee kabla ya kumpa daftari.